Dawa, chakula na msongo wa mawazo: jinsi ya kuviendesha pamoja ukiwa na kolaitisi ya vidonda au Crohn

Kolaitisi ya vidonda na Crohn ni magonjwa sugu yanayovimbisha utumbo, na wengi wenye magonjwa haya wanakwama mahali palepale. Mtu anaanzishiwa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe huo, na wiki hiyohiyo anaacha maziwa, ngano, pilipili na nyama, kisha anaanza kunywa mlonge kila asubuhi. Baada ya muda damu chooni inakatika. Kwa kuwa dawa ndiyo inayomaliza hela na mlonge uko uani, anapiga hesabu haraka: kilichonisaidia ni chakula. Dawa anaiweka kando. Miezi michache mbele yuko chooni mara nane kwa siku, na safari hii anahitaji dawa kali kuliko zile za mwanzo.

Mwongozo huu umepangwa kuzuia hilo. Kanuni yake kuu: usibadilishe vitu viwili ndani ya wiki moja. Ukiishika utajua kipi kinakusaidia na kipi kinakuchokoza. Usipoishika, kila wiki utakuwa na nadharia mpya.

Ni mwongozo wa mtu mzima ambaye ugonjwa wake umethibitishwa kwa kolonoskopi, yaani kamera ya kuangalia utumbo mpana, na kinyama kikachukuliwa kupimwa maabara. Kama umekuwa ukitibiwa amiba au taifodi mara kwa mara na hakuna aliyewahi kukuangalia kwa kamera, hatua yako ya kwanza ni kipimo hicho. Kifua kikuu cha utumbo kinafanana mno na Crohn, na dawa za Crohn zinaweza kukiamsha kikakumaliza. Vidonda vya tumbo vya asidi navyo ni ugonjwa mwingine kabisa, kwa hiyo dozi aliyopona nayo jirani haikuhusu.

## Andaa hivi kwanza

- Majibu ya kolonoskopi na ya kinyama. Hakikisha unajua mambo matatu: ni kolaitisi au Crohn, imekaa sehemu gani ya utumbo, na je, kuna mahali utumbo umebana.
- Majina ya dawa zako zote na miligramu zake, yakiwa yameandikwa. "Vile vya rangi ya kahawia" halimsaidii daktari wa zamu.
- Majibu ya vipimo vya damu: picha kamili, figo, ini, na CRP (kipimo cha uvimbe mwilini). Kama unakaribia kuanzishiwa dawa za kupunguza kinga, ongeza kifua kikuu, homa ya ini B na VVU.
- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, ila daftari daktari atalifungua mwenyewe.
- Mizani na kipimajoto.
- Pakiti chache za ORS na parasetamoli.
- Namba ya simu ya kliniki yako.

## Kabla ya yote: lini uache kusoma uende hospitali

Nenda siku hiyohiyo ukiharisha damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na lolote kati ya haya: joto zaidi ya nyuzi 37.8, mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika ukiwa umepumzika, au upungufu mkubwa wa damu. Nenda pia tumbo likivimba na kukakamaa, ukitapika huku choo na hewa havitoki, au ukipata jipu lenye maumivu karibu na njia ya haja kubwa.

Katika hali hiyo usinywe loperamidi ili "kufunga tumbo". Utumbo uliovimba vibaya ukizuiliwa kusukuma unaweza kutanuka hadi kupasuka.

## Hatua ya 1: Jua kila dawa imeajiriwa kazi gani

Dawa za ugonjwa huu zina kazi mbili, kuzima moto na kuulinda usiwake tena. Anayechanganya kazi hizo ndiye anayeacha dawa ya kulinda kwa sababu haoni moto.

Mesalazini inazima na kulinda, hasa kwenye kolaitisi. Dozi ya kulinda kwa kawaida ni gramu 2 kwa siku au zaidi. Vidonge vyake vimepakwa utando ili vifunguke chini kwenye utumbo, kwa hiyo usivisage wala kuvitafuna. Ukiona ganda tupu chooni usishtuke, maana kwa baadhi ya aina hilo ni la kawaida. Ukiona vidonge vizima vinatoka mara kwa mara, mwambie daktari. Ugonjwa uliokaa sehemu ya mwisho tu ya utumbo unatibika vizuri zaidi kwa dawa ya kuweka kwa nyuma. Najua wengi wanaionea haya na kuiacha kabatini, lakini ndiyo inayofika kidondani. Figo zipimwe kabla ya kuanza na angalau mara moja kila mwaka.

Salfasalazini ni ya zamani na kwa kawaida ni nafuu. Inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na hilo halina madhara. Inapunguza mbegu za kiume, nazo hurudi ukiiacha. Usiimeze kama una mzio wa dawa za salfa, na kama una upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) mwambie daktari kabla ya dozi ya kwanza. Pamoja nayo hutolewa foliki asidi.

Prednisoloni ni steroidi, dawa inayofanana na homoni ya mwili. Inazima haraka lakini hailindi. Mara nyingi huanzia miligramu 40 na kupunguzwa kidogo kidogo kwa takriban wiki 8. Usiikate ghafla. Mwili unapoipata kutoka nje hupunguza kutengeneza ya kwake, na ukiikata siku moja unaweza kuanguka. Kwa mazingira yetu kuna jambo la kuuliza kabla hujaanza: je, nipimwe au nitibiwe minyoo ya Strongyloides? Mnyoo huo hukaa kimya miaka mingi, na ukikutana na steroidi husambaa mwilini.

Azathioprini ni dawa ya kupunguza kinga. Inalinda, ila taratibu, na huhitaji miezi 3 au zaidi kabla ya kuonyesha kazi. Picha ya damu hupimwa kila wiki kwa wiki 4 za mwanzo, kisha angalau kila miezi 3. Ukiandikiwa Septrin au alopurinoli (dawa ya jongo) mahali pengine, taja azathioprini kabla ya kulipa. Zikikutana, chembe za damu zinaweza kushuka vibaya.

Infliximabu na adalimumabu ni sindano za ugonjwa mzito zaidi, na ratiba yake haibahatishwi. Infliximabu kwa mfano hutolewa wiki ya 0, ya 2, ya 6, halafu kila wiki 8. Ukiruka dozi na kurudi baadaye, mwili unaweza kuwa umejifunza kuikataa.

Jambo linalosahaulika na wasafiri: chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai. Ukiwa kwenye azathioprini, sindano hizi au dozi kubwa ya prednisoloni, usichanjwe kwa sababu tu mpakani wanadai kadi. Omba barua ya msamaha ya daktari mapema.

*Umefaulu ukiweza* kumwambia mtu wa nyumbani kila kidonge unachomeza kinafanya nini, na kitatokea nini ukikiruka.

## Hatua ya 2: Ifanye dozi isisahaulike, halafu usiiguse

Funga dozi kwenye kitu unachokifanya hata ukiwa umechoka: kupiga mswaki, chai ya asubuhi, kufunga mlango usiku. Mesalazini kwa wengi inaweza kumezwa yote mara moja kwa siku badala ya mara tatu, na inafanya kazi vilevile. Muulize daktari. Kidonge cha saa nane mchana ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Prednisoloni meza asubuhi baada ya kula. Ukiimeza jioni itakunyima usingizi, na usingizi tunauhitaji kwenye hatua ya 6.

Nunua dawa zikiwa zimebaki za siku 10, kwa sababu mesalazini haipo kila duka la dawa na kuisaka huweza kuchukua siku kadhaa. Hela ikikwama, piga simu kliniki kabla ya kupunguza vidonge mwenyewe. Daktari anaweza kukuhamishia kwenye salfasalazini, lakini hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.

Kwa nini nakazania hivi? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu 99 wenye kolaitisi ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia kwa mesalazini. Waliokuwa hawamezi ipasavyo, hatari yao ya kuugua tena ilikuwa zaidi ya mara 5 ya wenzao. Wote walianza wakijisikia wazima.

Ramadhani. Ugonjwa ukiwa umeamka, au ukiwa unameza prednisoloni, una ruhusa ya mgonjwa ya kutofunga na kulipa baadaye. Itumie. Ukiwa umetulia na daktari ameridhia, dozi ya mara moja kwa siku inaingia vizuri kwenye futari au daku. Kinachowaangusha wengi ni kutokunywa maji ya kutosha usiku na kufuturu kwa sambusa na bajia tumbo likiwa tupu. Anza na maji, tende moja au mbili, uji, kisha ngoja kidogo kabla ya chakula kizito.

*Umefaulu ukiona* mwezi mzima umepita na dozi ulizokosa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

## Hatua ya 3: Wiki mbili za daftari, bila kubadili chochote

Hapa ndipo watu hukosa subira. Usiache chakula chochote bado, andika tu. Ukurasa wa siku moja unaweza kusomeka hivi:

*Jumanne. Dawa: asubuhi ndiyo. Choo: 4, kimoja usiku, damu kidogo kwenye kimoja. Maumivu: 3 kati ya 10. Chai ya maziwa na chapati saa 2. Wali, maharage na mchicha saa 7. Ugali na dagaa saa 2 usiku. Usingizi: jumla ya saa 5. Mawazo: mwenye nyumba kaja kudai kodi.*

Unaona jinsi ilivyo ngumu kulaumu maharage siku ambayo mwenye nyumba naye alikuja? Ndiyo maana tunataka siku 14, ili kinachojirudia kijitenge na kilichotokea mara moja. Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai.

## Hatua ya 4: Chakula ugonjwa ukiwa umeamka

Hapa unaruhusiwa kuvunja ile kanuni, kwa sababu lengo ni kupunguza kazi ya utumbo wakati dawa inauzima moto. Chakula hiki ni cha muda. Hakiponyi, na usikae nacho miezi.

Kula kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku: wali laini au bokoboko, mtori, uji wa mchele au wa ulezi uliochujwa, viazi mviringo vya kuponda, mayai ya kuchemsha, samaki au kuku asiye na ngozi, boga, karoti zilizoiva mno, ndizi mbivu, parachichi kidogo. Hakikisha kila mlo una protini. Utumbo unaovuja damu unapoteza protini pia, na watu wengi wanaokonda kwa ugonjwa huu wamekonda kwa woga wa kula.

Sogeza pembeni kwa sasa mboga mbichi, maganda, mbegu, makande, mihogo ya kukaanga, pombe, soda na kahawa nyingi. Pilipili haisababishi kolaitisi, lakini huunguza inapotoka, kwa hiyo uamuzi ni wako.

Maziwa ni suala la pekee. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima hatuyeyushi vizuri sukari ya maziwa, hata tusio wagonjwa. Jaribu mtindi badala ya maziwa freshi kabla ya kuacha vyote, maana ukiwa kwenye prednisoloni mifupa inahitaji kalisiamu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia hapo.

Kunywa ORS ukiharisha sana. Isipokuwepo, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Usizidishe chumvi.

Kama utumbo wako umebana, haya ni ya kudumu mpaka daktari aseme vinginevyo: hakuna mahindi ya kuchoma, bisi, muwa, karanga nzima, embe la nyuzi, wala ngozi nyeupe za chungwa. Kisamvu kiwe kimetwangwa hasa. Vitu hivi vinaweza kukwama palipobana, na kukwama huko ni dharura ya upasuaji.

*Umefaulu ukiona* uzito umeacha kushuka na safari za usiku zimepungua.

## Hatua ya 5: Rudisha vyakula, kimoja kimoja

Dalili zikitulia kwa wiki mbili au zaidi, anza kurudisha. Watu wanaiogopa hatua hii kuliko zote, lakini ukibaki miezi kwenye wali na ndizi utaishiwa madini ya chuma, foliki na nguvu.

Chagua chakula kimoja. Siku ya kwanza kula vijiko viwili, siku ya pili kikombe nusu, siku ya tatu kiasi chako cha kawaida. Kikikaa vizuri, kibakie. Kikikusumbua, kiache, rudi kwenye msingi, kisha kijaribu tena baada ya mwezi. Chakula kilichokushinda mara moja hakijahukumiwa maisha.

Maharage yana utaratibu wake. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, mwaga tena yakianza kutoa povu, kisha pika mpaka yapondeke kwa vidole viwili. Anza na mchuzi wake uliochujwa, halafu ya kuponda, mwisho mazima. Choroko zilizomenywa huwa rahisi zaidi, kwa hiyo mimi ningeanza nazo.

Je, kuna mlo maalumu unaotibu? Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu 194 wa Marekani wenye Crohn. Kundi moja lilikula mlo mkali unaokataza nafaka zote na sukari, jingine likala mlo wa Mediterania: mboga, matunda, samaki, jamii ya kunde, mafuta ya zeituni. Baada ya wiki 6 hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo sioni sababu ya kujinyima ugali. Samaki, mboga zilizopikwa, kunde, matunda na mafuta ya mimea tunavyo sokoni. Cha kupunguza ni soseji, nyama za kopo, biskuti na vyakula vya paketi vyenye orodha ndefu ya viambato.

Chai ya rangi iachane na mlo kwa saa moja hivi, kwani inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Na kama Crohn imekaa mwisho wa utumbo mwembamba, au sehemu hiyo ilikatwa, omba kupimwa vitamini B12. Mlo pekee unaweza usitoshe kuirudisha.

## Hatua ya 6: Msongo wa mawazo

Tuelewane kwanza. Hukuupata ugonjwa huu kwa kuwaza sana, na anayekuambia hivyo anakuongezea mzigo. Lakini ubongo na utumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na mawazo mazito huharakisha utumbo, huuongezea maumivu, na kwa baadhi ya watu hutangulia kuamka kwa ugonjwa. Mazoezi ya kutuliza akili yameonyesha kuboresha maisha ya wagonjwa kuliko yanavyopunguza uvimbe wenyewe. Yatumie kwa kazi hiyo, pamoja na dawa.

Fanya pumzi mara tu baada ya kumeza dozi, ili mambo mawili yakumbushane. Kaa, weka mkono kwenye tumbo, vuta hewa kwa kuhesabu mpaka 4, itoe kwa kuhesabu mpaka 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 10. Ukipata kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno, legeza.

Kisha shughulikia chanzo, si pumzi peke yake. Kwa wengi chanzo ni choo chenyewe: hofu ya kubanwa kwenye foleni, kanisani, ndani ya daladala. Safari ya basi ya mkoani ni mfano mzuri. Watu huacha kula tangu jana yake na kuruka dawa, wanafika wamelegea na ugonjwa umechokozwa. Fanya hivi: meza dawa kama kawaida, kula mlo mwepesi uliokwisha kuujaribu, chagua kiti karibu na mlango, beba nguo ya akiba, tishu na mfuko. Muhimu zaidi, zungumza na kondakta kabla basi halijaondoka: "Kaka, nina ugonjwa wa tumbo, nikiomba kuchimba dawa usinikatalie." Ni maneno magumu kwa dakika moja, lakini yanakuondolea hofu ya saa kumi.

Kazini mwambie mtu mmoja tu unayemwamini. Hahitaji maelezo ya choo. Inatosha ajue una ugonjwa sugu wa utumbo na kuna siku utatoka ghafla.

Prednisoloni yenyewe huweza kukufanya mkali, mwenye huzuni au asiyelala. Ukibadilika tabia baada ya kuianza, waambie wa nyumbani na daktari. Na kama kwa wiki mbili hakuna kinachokufurahisha, hilo nalo ni la kutibiwa, usilimezee.

## Hatua ya 7: Ziba matundu

Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuamsha ugonjwa, nazo hutolewa dukani kwa kila anayelalamika mgongo. Sema mapema: "Nina kolaitisi, nipe parasetamoli."

Usimeze antibiotiki kila choo kinapolainika. Pima kinyesi kwanza, kwa sababu antibiotiki huweza kuleta maambukizi mengine yanayofanana na ugonjwa wenyewe.

Sigara huifanya Crohn kuwa mbaya zaidi. Dawa za kusafisha tumbo, shubiri ikiwemo, hukuharisha tu. Mtishamba wowote unaoupenda uandike kwenye daftari na umtajie daktari, hasa ukiwa kwenye azathioprini, kwa sababu ini linahusika.

Mama anayepanga ujauzito aongee na daktari akiwa bado ametulia. Dawa nyingi za ugonjwa huu huendelea wakati wa mimba, lakini methotreksati, dawa nyingine ya kupunguza kinga, hairuhusiwi kabisa.

## Hatua ya 8: Pima, usikisie

Unaweza kujisikia mzima na utumbo ukawa bado umevimba. Kipimo cha kalprotektini kwenye kinyesi hutoboa siri hiyo. Kwa mtu asiye na dalili, majibu chini ya mikrogramu 150 kwa gramu kwa kawaida yanaashiria utulivu. Yakipanda, piga simu kliniki kabla damu haijaonekana. Pasipo na kipimo hicho, CRP, picha ya damu na daftari lako vinasaidia, japo si kwa uhakika uleule.

Daktari akikubali kupunguza dawa, rudi kwenye ile kanuni: wiki hiyo usianze chakula kipya, usianze kufunga, usihamie kazi mpya kama inawezekana. Andika tarehe ya kupunguza kwa wino mwekundu, na upange kalprotektini nyingine baada ya miezi 3 hivi.

Kama ugonjwa umeshika sehemu kubwa ya utumbo mpana, panga pia kolonoskopi ya kuchunguza saratani ikifika miaka 8 tangu dalili zianze, hata kama huumwi chochote. Tarehe hiyo iandike kwenye jalada la daftari leo, kwa sababu mpaka ifike utakuwa umeshabadilisha daktari mara kadhaa.